Msiba Uliokosa Mtani

Mwaka 1950, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, ng'ombe wa baba yangu waliisha kwa ugonjwa, na mimi nikaacha kuwa mtoto. Shule nilikuwa nimefika darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisoma zaidi nikiwa nje ya dirisha, kwa sababu ndani walitaka ada na kaptura, nami sikuwa na chochote kati ya hivyo. Nasema haya mapema ili msomaji asije akanitafutia Kiswahili cha mabwana wakubwa. Hakipo. Lakini nyumba ninayoandikia ni yangu, meza ni yangu, na kalamu nimenunua mwenyewe.

Nilibeba samaki pale Kirumba, mjini Mwanza, mpaka shingo ikawa fupi. Nilipoota ndevu nikaandikishwa kwenda kukata mkonge upande wa pwani. Mkonge sina la kuusifia. Ila kule tulikaa jirani na Wazaramo, na kwao nilijifunza jambo ambalo baadaye lilinifaa kuliko shule. Walipofiwa, walituita sisi Wasukuma na Wanyamwezi, maana kwao sisi ni kitu kimoja, wakasema, "Watani, njooni mfanye kazi yenu." Kazi yenyewe ni kumcheka marehemu. Mtani anavaa nguo ya marehemu, anaiga mwendo wake, anamtaja kwa kila kasoro aliyokuwa nayo, anakalia sufuria la wafiwa watu wasile, na akipenda kitu cha marehemu anakichukua. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Wafiwa wakishacheka, tanga linaanuliwa, watu wanarudi kwenye shughuli zao. Mara ya kwanza nilidhani wamerukwa na akili. Mara ya pili nilikuwa mimi ndiye niliyekalia sufuria.

Nikarudi Mwanza. Nikaanza kushona katambuga za matairi ya gari karibu na soko. Viatu vyangu havikuwa vizuri, lakini vilikuwa havifi. Wapo watu waliorithishana.

Sasa, mwimbaji wetu. Jina lake sitaliandika, wa enzi zile wanalijua na wa leo halitawasaidia. Alikuwa Mzaramo, aliletwa Mwanza na mume mfanyabiashara, mume akaenda zake, yeye akabaki na sauti. Aliimba na bendi moja ya mjini, yenye magitaa mawili, tarumbeta na ngoma kubwa. Na alikuwa mfupi. Si mfupi wa kusema "si mrefu sana", mfupi kweli. Akisimama nyuma ya mpiga ngoma ungeona kilemba tu. Kwa hiyo alikuwa na kasha lake la mbao, lile la kupakilia majani ya chai. Mtu wa tarumbeta analiweka mbele, yeye anapanda, anatengeneza gauni, na ukumbi mzima unanyamaza kabla hajafungua mdomo.

Mashabiki wake tulikuwa makundi mawili. Wa ndani walikuwa makarani, madereva wa serikali, wenye tai na wake zao. Wa dirishani tulikuwa sisi: wapagazi wa bandarini, wauza samaki, mafundi. Tulisimama nje tumeshika nondo za madirisha, na kila mtu alikuwa na nondo yake. Yangu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Ukimkuta mtu ameshika nondo yako, mnaongea.

Wimbo tulioupenda wote ulikuwa ule wa mtu aliyepanda meli kwenda Bukoba, akamwachia mwanamke ahadi, na mwanamke anaiuliza kila meli inayotia nanga kama imemwona. Ukifika hapo mama mmoja muuza samaki, mwanamke wa Kisukuma, mkubwa wa mwili na sauti, ambaye ndiye alikuwa kama jemadari wetu wa dirishani, alikuwa analia mpaka anashika kichwa cha aliye karibu. Mara nyingi kichwa kilikuwa changu. Nami nililia. Sikuwa na mtu yeyote Bukoba.

Siku moja mwimbaji mwenyewe akaja kwangu sokoni. Akatazama katambuga zilizopangwa chini.

"Fundi, nataka za kwendea sokoni. Lakini soli uweke tatu."

"Tatu? Mama, mbili zinatosha mpaka mwisho wa dunia."

"Sikuulizi habari za mwisho wa dunia. Nataka nimwone muuza nyanya usoni. Na ukimwambia mtu nitakutunga wimbo."

Nikapima mguu. Ulikuwa mguu wa mtoto. Nilishona zile katambuga kama mtu anayeshonea harusi yake, na kabla sijazimaliza, akafa. Tumbo lilimshika wiki moja tu. Ulikuwa mwaka wa Uhuru wenyewe, 1961, mvua za vuli zimeanza, bendera bado haijapanda.

Wakamzika kesho yake, kama desturi ya Waislamu. Na hapo ndipo mashindano yalipoanza. Wa ndani, wakiongozwa na karani mmoja wa pamba mwenye tai nyeusi na kitambaa cheusi mkononi, waliamua kwamba heshima ni kimya. Wakakaa mbele ya nyumba ya marehemu, Mabatini, wamenyooka kama wanapigwa picha. Sisi wa dirishani tukaamua kwamba heshima ni sauti. Mama muuza samaki akaanzia mbali, njiani, akafika akiwa ameshalowa. Karani akamwendea.

"Mama, tafadhali. Tunaomboleza."

"Na mimi nafanya nini, nauza sato?"

"Punguza kidogo. Kuna watu wenye huzuni ya kweli hapa."

"Ya kweli! Wewe ulikuwa unamsikiliza umekaa kwenye kiti! Mimi nimemsikiliza nimesimama, mvua inaninyeshea! Nani amempenda?"

Karani akatoa leso, akalia naye, kwa sauti. Wenzake wakaona wanaachwa nyuma, wakafuata. Mchana ule Mabatini hata mbuzi walinyamaza.

Siku chache baadaye akashuka shangazi wa marehemu kwa treni. Mwanamke mkavu, mzee, amejifunga kaniki, ndiye aliyemlea. Akakaa kwenye mkeka ndani ya ile nyumba akawa anapokea watu. Kila aliyeingia alilia, na yeye anatazama tu. Macho makavu. Watu wakaanza kusema shangazi hana huruma.

Hitima ikasomwa, watu wakala, wakangoja aseme tanga limeanuliwa. Hakusema. Wakamwuliza. Akajibu, "Bado." Wakarudi wiki nyingine. "Bado." Na hapo ikawa balaa, maana wale wa bendi walikuwa wameapa kwenye kaburi kwamba hawatagusa chombo mpaka tanga lianuliwe, na Uhuru umekaribia, na hakukuwa na bendi nyingine ya maana pale mjini. Wazee wa kamati ya sherehe wakaenda wamevaa kanzu na makoti kumwomba.

"Mama, nchi nzima inajiandaa. Uhuru unakuja."

"Nao usubiri," akasema shangazi. "Mimi nimesubiri."

"Unasubiri nini, mama?"

Hakuwaambia. Jambo lile haliombwi, ndiyo sheria yake. Mwenye kulifanya anakuja mwenyewe.

Nami nilikuwa najua. Nilijua tangu siku ya kwanza, nilipomwona ameketi vile anatazama mlango. Mji umejaa Wasukuma, watani wake, na wote wanaingia wameinamisha vichwa, wanalia, wanasema pole. Kwetu ilikuwa mapenzi. Kwake ilikuwa kama mji mzima umemkataa marehemu. Vijana wa mjini jambo lile hawakulijua, na waliolijua hawakuthubutu. Nami sikuthubutu, sina haja ya kuficha. Wateja wangu wote walikuwa mashabiki. Ukimcheka yule mwanamke mbele ya wale watu, kesho unashona katambuga za nani? Na ile nondo ya tatu kutoka mlangoni, ningeipata tena?

Lakini nilikuwa na zile katambuga zimekaa. Nikazikunja kwenye gazeti nikampelekea shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimeleta viatu vya marehemu. Aliagiza. Sijui nivifanye nini, mguu wa mtoto na soli tatu, hakuna binadamu mwingine wa kuvivaa labda nimvalishe bata."

Maneno yalinitoka, sikuyapanga. Shangazi akageuza kichwa polepole. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatazama mtu badala ya mlango.

"Umesema nini?"

"Nimesema viatu, mama."

"Umesema bata. Wewe kabila gani?"

Nikatazama pembeni. "Msukuma."

"Msukuma!" Akanishika mkono, na ule mkono ulikuwa na nguvu kuliko wa mpagazi. "Sasa nisikilize. Nimekaa katika mji huu nazungukwa na Wasukuma kama nzi, na wote wananililia. Kwani mwanangu amewakosea nini? Hakuna hata mmoja wa kumtukana? Nirudi kwetu niseme nini? Kwamba mtoto wangu alikufa katika mji wa watani, wakamzika kama mgeni?"

"Mama, walimpenda mno..."

"Ndiyo nasema! Wangempenda kidogo wangekuwa wameshamcheka!" Akaniachia mkono. "Mimi siombi. Nimekuuliza kabila tu. Nenda zako."

Nikaenda zangu. Ile siku sikushona kitu. Nilikuwa napiga msumari nje ya soli.

Jumamosi iliyofuata wa ndani na wa dirishani walikutana pale nyumbani kwa jambo jingine: lile kasha. Karani alitaka liwekwe ukumbini kwenye kabati la kioo. Mama muuza samaki alitaka liwekwe kaburini. Walikuwa wameligombania hata mbele ya shangazi, akalichukua akalikalia. Uwanja ulijaa. Viti havikutosha, watu wamekaa juu ya mawe, wengine wamesimama matopeni.

Nikapita uani. Gauni la kuimbia la marehemu lilikuwa limeanikwa. Nikalivaa. Lilinifika juu ya magoti na mgongoni likapasuka. Nikajifunga kilemba. Zile katambuga za soli tatu nikazifunga kwa kamba kwenye vidole vya miguu, maana mguu haukuingia. Nikatokea mbele ya watu kwa mwendo wake, ule wa kunyanyua kidevu kama mtu anayechungulia ukutani.

Watu wakageuka wote, hata waliokuwa wanagombania kasha.

"Nipisheni!" nikasema. "Nipisheni mfupi apande! Shangazi, ondoka kwenye mlima wangu, bila mlima hawa hawanioni, watadhani kilemba kinaimba peke yake!"

Shangazi akanyanyuka, akasogea. Nikapanda kasha. Nikafungua mdomo nikaimba ule wimbo wa Bukoba, kwa sauti yangu, ambayo hata mke wangu aliyekuja baadaye hakuwahi kuisifu.

Karani akasimama, mishipa ya shingo imetoka. "Shuka hapo, mshenzi wewe! Shuka!"

"Mwacheni nimshushe mimi," akasema mama muuza samaki. Alikuwa na mwiko wa pilau mkononi.

Nilikuwa naogopa, lakini mtu aliyeshavaa gauni la mwanamke hadharani hana pa kurudi. Nikaendelea. "Nyie mnamlilia mtu wa Bukoba? Yule mtu wa Bukoba alisharudi zamani! Ameshuka melini, yupo hapo Kirumba anauza mkaa, akisikia sauti ya huyu mfupi anajifunika gunia! Na mnamwita mwimbaji! Si ndiye aliyesema samaki wa ziwa si samaki, maji yenu hayana chumvi, sisi wa pwani hatuli matope? Nani basi alikuwa anamaliza sato mzima wakati wa mapumziko, na kichwa anafyonza, kisha anarudi jukwaani na mwiba kwenye meno? Ile sauti kutetemeka, ile mliyokuwa mnatolea leso nyie wenye tai, mlidhani ni mapenzi? Ulikuwa mwiba!"

Mwiko ulikuwa umeshanyanyuliwa. Ndipo shangazi akasema, taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo la zamani: "Mwiba."

Kisha akacheka. Alianza na mabega, yakapanda, akapiga makofi, akaegemea ukuta, kaniki ikamporomoka begani. "Mwiba! Mwanangu na mwiba! Tangu mdogo! Alikuwa hatoi miiba, mlafi yule, hatoi miiba!" Akacheka mpaka akakaa chini, na akiwa chini kicheko kikageuka, akalia. Alilia kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni, kilio kile cha kutoa sauti kutoka tumboni. Hakuna aliyesogea. Alipomaliza akajifuta, akaninyooshea kidole.

"Wewe Msukuma mla michembe, mla viazi vikavu! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa namtafutia maiti wenu ngazi, mama. Nimesikia peponi mlango uko juu."

Akacheka tena. Mama muuza samaki akatazama mwiko wake, akamtazama shangazi, akili ikamfungukia.

"Kumbe! Na mimi si Msukuma? Mayo wee, mbona nimelia bure wiki zote hizi!" Akautupa mwiko. "Basi nisikilizeni. Huyu alikuwa anakuja kwenye meza yangu, anawabonyeza samaki wote macho, wote, mpaka wanakuwa vipofu, halafu ananunua mdogo kuliko wote. Anasema huyu wa kimo changu!"

Hapo uwanja ukawaka. Mpagazi mmoja akasema alimbebea mzigo akadhani amebebeshwa na mtoto, akamwuliza mama yako yuko wapi. Mwingine akaiga alivyokuwa anampiga mtu wa tarumbeta kwa kandambili kati ya wimbo na wimbo, na mtu wa tarumbeta mwenyewe akathibitisha, akaonyesha sikio. Wa ndani walianza kwa kubana midomo, wakashindwa. Karani naye, moyo ukamlainika, akasimama akarekebisha tai.

"Hata mimi ninalo moja la kusema kuhusu marehemu."

Shangazi akamtazama. "Wewe kabila gani, baba?"

"Mhaya."

"Unatoka wapi?"

"Bukoba."

Alipotamka tu, uwanja mzima ulipiga kelele. "Ndiye huyu! Ndiye huyu!" Mama muuza samaki akamrukia akamshika tai. "Kumbe hauzi mkaa, anapima pamba! Mwanamke ameuliza meli zote, wewe umekaa kiti cha mbele!"

"Jamani mimi nina mke, jamani..."

"Kaa chini, baba," shangazi akamwambia kwa upole. "Hiki si chako. Wewe endelea kulia tu." Naye akakaa, akalia na kucheka kwa pamoja. Mtu wa Bukoba likawa jina lake mpaka anastaafu. Hata barua za ofisini nasikia zilimfika kwa jina hilo.

Watu walipoanza kutulia nikashuka, nikalibeba kasha kichwani. Karani akasema, "Hilo ni la kumbukumbu," mama muuza samaki akasema, "Hilo ni la kaburini." Shangazi akawakata wote wawili: "Mtani haulizwi." Kisha akasema tanga limeanuliwa. Jumatatu akapanda treni. Pale stesheni alikuwa na katambuga za soli tatu kwenye kapu, hakuniachia. Alinitukania ukoo wangu wote kupitia dirisha la behewa mpaka treni ikapotea, na mimi nikakimbia pembeni namjibu.

Bendi ikapiga siku za Uhuru. Nililipeleka kasha wakaliweka mbele, hakuna aliyelipanda. Ulipofika wimbo wa Bukoba ukumbi mzima uliuimba, na ilipofika ile sehemu ya kutetemesha sauti, mtu wa dirishani akapaza, "Mwiba!" Watu wakacheka na machozi yanashuka. Nilikuwa kwenye nondo yangu. Hakuna aliyeichukua.

Wateja? Wawili walinihama, mmoja wa Nyakato akanirudishia hata katambuga alizokuwa amezivaa mwaka mzima. Wengine wote walibaki, na wakaanza kuniita kwenye misiba yao. Kwanza waliniita nichekeshe. Lakini mimi akili yangu haikubaki kwenye kuchekesha. Niliona ile Jumamosi watu wamekaa juu ya mawe na matope, nikajiuliza, kwa nini mfiwa akae juu ya jiwe? Nikaunda mabenchi kwa mbao za makasha. Mabenchi yakaleta masufuria, masufuria yakaleta maturubai. Leo Mwanza huwezi kuoa wala kuzika kwa heshima bila kupita kwangu, na anayebisha akazike juani.

Mtani wa siku yangu nimeshamwandaa, Mzaramo mmoja anayeuza nazi pale sokoni. Nimemwambia asinionee huruma. Amesema kasoro zangu ameanza kuzikusanya.

Nilicho nacho leo: nyumba ya mawe Mabatini. Nyumba ya wapangaji Nyakato. Kiwanja Igoma, nilichukua wakati kule ni pori na watu wananicheka. Maturubai makubwa na madogo. Viti vya plastiki, hata mimi sijui idadi, kijana wangu anajua. Masufuria ya pilau na miiko yake. Gari la kubebea hivyo vyote, bovu lakini linatembea. Ng'ombe kwa mdogo wangu kijijini, maana wale wa baba nilisema nitawarudisha na nimewarudisha. Mke mmoja, watoto, wajukuu.

Na kasha moja la chai, limeliwa na mchwa upande mmoja. Hilo halikodishwi.